Siku sita za kusubiri mshindi: kisa cha mwenye duka la M-Pesa, Nakuru, Agosti 2022

Wakenya walipiga kura Jumanne, 9 Agosti 2022. Rais mteule alitangazwa Jumatatu jioni, tarehe 15. Kati ya siku hizo mbili watu waliokuwa wamestahimili mwaka mzima wa kampeni walianza kukosa usingizi, kufokeana nyumbani na kushindwa kumeza chakula. Ndiyo maana tumechagua kuchambua kipindi cha kusubiri badala ya kampeni zenyewe.

Mtu tunayemweleza hapa hayupo kwa jina wala kwa sura. Sisi washauri nasaha tumeyachukua mambo yanayojirudia kwa watu wa mji wa Nakuru tukayaweka kwa mwanamke mmoja, ili yachambulike bila kumwanika yeyote. Tarehe na matukio ya taifa ni yale yale yaliyotokea.

Mwanamke huyu ana miaka 39, mume anayeendesha boda boda, na watoto wawili. Ana kibanda cha M-Pesa na kadi za simu. Ana presha, na kila asubuhi humeza amlodipine ya miligramu 5. Alikuwa na miaka 25 nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa 27 Desemba 2007, ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Nyumba yake ilichomwa Januari 2008. Yeye na mtoto mchanga walilala kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, wakati wengine walikuwa wamejazana uwanja wa Afraha. Tangu hapo hakurudi alikotoka.

Alimpigia nani kura 2022 hatutasema, kwa sababu jibu halibadilishi chochote katika yanayofuata.

Hali ilivyokuwa Julai

Katikati ya Julai alikuwa anapata usingizi wa saa tatu hivi tu kila usiku. Anashtuka saa nane usiku, moyo unakwenda mbio, anachukua simu. Pikipiki ikipasua ekzosi barabarani anaruka kutoka kwenye kiti. Dukani anahesabu pesa za droo mara tatu, na mteja akiuliza swali la pili anamjibu kwa ukali. Tumbo limevurugika. Mtoto wa pili, mwenye miaka kumi, ameanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha akiwa na miaka minne.

Kipimo tulichotumia ni maswali saba ya wasiwasi yanayojulikana kama GAD-7. Yanauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekuwa na wasiwasi au hofu? umeshindwa kuuzuia? unawaza kupita kiasi mambo mbalimbali? unapata shida kutulia? unahangaika hata kukaa huwezi? unaudhika upesi? unaogopa kana kwamba jambo baya litatokea? Kila swali lina alama 0 hadi 3, kutoka "hapana kabisa" hadi "karibu kila siku". Jumla ya 5 ni wasiwasi mdogo, 10 ni wa wastani na panahitajika mtaalamu aangalie, 15 na zaidi ni mkali. Yeye alipata 17.

Alama hizo zina kasoro moja wakati wa uchaguzi, na mshauri asiyeiona atakosea. Swali la mwisho linachukulia kwamba hofu imezidi kiasi. Kwa mtu aliyechomewa nyumba, aliye katika kaunti ambayo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliiweka kati ya zile zenye hatari kubwa mwaka ule, hofu si ugonjwa mtupu. Sehemu yake ni akili timamu. Kazi ya kwanza ni kuitenganisha: ipi ni ya kupangiwa, na ipi ni ya kutibiwa.

Ushauri uliomzidishia

Kabla hajafika kwa mshauri nasaha alikuwa ameambiwa mara nyingi, "Mama, achana na siasa, zima hiyo simu ulale." Mume alisema hivyo, dada yake akasema hivyo. Alijaribu. Usiku ule alilala vibaya kuliko kawaida.

Sababu ni rahisi kuielewa ukikumbuka 2008. Walioondoka mapema wakati ule waliondoka kwa sababu mtu aliwapigia simu au walisikia redio. Kwake habari ni king'ora. Ukimnyang'anya king'ora bila kumpa kingine, mwili utakesha kulinda mlango wenyewe. Kwa hiyo hatukumwambia aache habari. Tulimwambia tutazipa habari saa zake, na tutaweka mtu wa kukesha kwa niaba yake.

Kanisani nako walikuwa na makesha ya kuombea amani. Maombi yalimpa nguvu, na hilo tuliliheshimu. Lakini makesha matatu mfululizo kwa mtu mwenye usingizi wa saa tatu tu ni kumwaga petroli kwenye moto. Alihamia ibada ya mchana, akabaki na kesha moja tu, ya Ijumaa kabla ya kura.

Begi nyuma ya mlango

Tangu mwanzo wa Julai kulikuwa na begi jeusi nyuma ya mlango. Ndani: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya shule, nakala ya kitambulisho, makubaliano ya nyumba, nguo mbili mbili, blanketi jepesi. Kila usiku kabla ya kulala alilifungua, akatoa kila kitu juu ya kitanda, akahesabu, akarudisha. Baadhi ya usiku alirudia saa nane.

Wengine wangemwambia alifungue begi arudishe vitu kabatini. Hilo ni kosa. Begi ni jambo la busara, na mtu aliyepoteza vyeti vyote 2008 ana haki ya kuwa nalo. Kinachomuumiza ni kulikagua. Kila akilikagua anapata nafuu ya dakika chache, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kwamba bila kukagua hakuna usalama. Kesho hamu ya kukagua inarudi na nguvu zaidi.

Tulifanya hivi. Aliandika orodha ya vitu vyote kwenye karatasi, akaongeza vilivyokosekana: dawa ya presha ya siku 30, shilingi 3,000 za noti ndogo ndogo, chaja, tochi, na karatasi yenye namba sita za simu zilizoandikwa kwa mkono, maana simu ikizima namba zote huzima nayo. Dawa zilikuwa muhimu kuliko alivyodhani. Barabara zikifungwa wiki mbili, mtu wa presha, kisukari, kifafa au ARV huumia hata kama hakuna aliyemgusa. Kisha mume na mke walikagua pamoja mara moja, wakafunga zipu, wakapitisha utepe wa gundi juu yake, wakaandika tarehe. Orodha ilibandikwa nje. Hamu ya kufungua ikija, anasoma orodha kwa macho na kuangalia kama gundi imekatika. Usiku wa kwanza ilimchukua karibu saa moja kuishinda hamu hiyo. Wiki ya pili hakuwa anaamka kwa ajili ya begi.

Alama tano za kuondoka

Begi bila uamuzi huzalisha swali moja usiku kucha: je, ni sasa? Kwa hiyo uamuzi uliandikwa mchana, akili ikiwa imetulia. Mume, mke na jirani wawili wanaoaminiana, mmoja wao akiwa wa kabila jingine, walikaa wakataja alama wanazozijua wenyewe kutokana na 2008:

- vipeperushi au rangi kwenye malango vikiwaambia watu fulani wahame;
- maduka ya mtaa mzima kufungwa mchana bila sababu inayojulikana;
- matatu kuondoka stejini na kutorudi;
- vijana wasio wa mtaa kuletwa kwa magari;
- nyumba au kibanda kuchomwa katika eneo la kutembea kwa miguu.

Alama moja: kufunga duka, kuwaleta watoto ndani, kupigiana simu. Alama mbili, zilizoonwa kwa macho au kuthibitishwa na watu wawili wanaofahamika: kuondoka mara moja kwenda kwa shangazi katikati ya mji, hata kama mume yuko barabarani, yeye atakuja moja kwa moja huko. Ujumbe uliosambazwa WhatsApp hauhesabiki kuwa alama hata ukiwa na video. Video za 2008 na za nchi nyingine hurudi kila uchaguzi zikiwa na maelezo mapya.

Upande wa duka, kuanzia Jumapili tarehe 7 alipunguza pesa taslimu, akabakiza zaidi floti, yaani pesa za M-Pesa zilizo ndani ya simu, akafunga saa kumi jioni. Hasara ilikuwapo. Lakini kukaa na pesa nyingi droo moja jioni ndiko kulikokuwa kunamtetemesha.

Simu

Hapa ndipo siku sita zilipomtafuna, na inafaa kueleza kwa nini matokeo ya 2022 yalichosha kichwa namna ile. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti wazi kwa kila mtu. Ndani ya siku mbili zaidi ya asilimia 90 zilikuwa zimeonekana. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha, kila kimoja kikichukua fomu kwa mpangilio wake. Matokeo yake, saa ile ile mgombea mmoja anaongoza kwenye chaneli hii, mwenzake anaongoza kwenye ile. Hakukuwa na kura zilizopanda na kushuka. Fomu za maeneo tofauti ndizo zilikuwa zinaingia kwa zamu. Lakini anayetazama anapandishwa na kushushwa kila dakika kumi, na kila kushuka kunamnong'oneza kwamba kuna wizi. Mwishowe tofauti kati ya William Ruto na Raila Odinga ilikuwa ndogo, asilimia 50.49 kwa 48.85, kwa hiyo hakuna jumla ya njiani ambayo ingemtuliza mtu.

Tulimpa habari mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana, na taarifa ya saa moja usiku. Dakika 15 kila mara, redio au televisheni, chanzo kimoja. Jumla za vyombo vya habari aliambiwa asizitazame kabisa, kwa kuwa anayetangaza mshindi wa urais kisheria ni mwenyekiti wa IEBC.

WhatsApp ilihitaji kazi ya mikono. Alikuwa katika vikundi kumi na vinne. Kujitoa kwenye kikundi cha ukoo wiki ya uchaguzi ni kuanzisha ugomvi mwingine, kwa hiyo hakujitoa. Alizima mlio wa vikundi vyote isipokuwa cha wazazi wa shule na cha majirani wanne, akavihifadhi visionekane juu. Kisha kwenye mipangilio alizima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa: maiti unayoiona bila kuomba, ukiwa unatafuta namba ya mteja, inakaa kichwani wiki nzima. Mwisho alifundishwa kuangalia mishale miwili midogo juu ya ujumbe. Maana yake ujumbe umepita mikono mingi. Wenye mishale hiyo haufunguliwi usiku.

Na usiku? Laini yake kuu iliwekwa kwenye kabambe, ile simu ndogo ya batani, mlio juu. Simu kubwa ilichajiwa jikoni. Majirani wanne waligawana zamu ya kubaki macho hadi saa sita usiku, mmoja kila siku, na waliafikiana kwamba jambo la hatari hupigiwa simu, haliandikwi. Kwa mpango huo kabambe ikinyamaza, ukimya wenyewe ni habari: mtaa uko salama. Kwa maoni yetu hakuna hatua nyingine iliyomrudishia usingizi kama hii.

Mwili

Kupumua ni zoezi linalofundishwa vibaya. Watu huambiwa "vuta pumzi ndefu", wanavuta kwa nguvu, vidole vinaanza kufa ganzi, kichwa kinazunguka, wanaamini ni moyo. Vuta polepole kwa pua ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6, kwa wepesi, bila kujaza kifua. Dakika tano ni pumzi kama 30. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Na lifanywe asubuhi ukiwa umetulia, angalau wiki moja kabla. Zoezi linalojaribiwa mara ya kwanza katikati ya hofu halishiki.

Kwa mishtuko ya pikipiki alikuwa na sentensi ya kusema kwa sauti, mkono ukiwa umeshika ukingo wa kaunta: "Huu ni Agosti 2022. Niko dukani kwangu. Mlango uko wazi. Watoto wako nyumbani." Halafu anataja vitu vitano anavyoviona. Kumbukumbu ya kiwewe haina tarehe, ndiyo maana tarehe inatangulia.

Chai ya rangi nzito ilikoma saa nane mchana. Kitandani saa nne na nusu usiku, na akikaa macho kama dakika 20 anainuka, anakaa kwenye kiti, anakunja nguo hadi macho yawe mazito. Duka la dawa la jirani lilikuwa tayari kumuuzia diazepam bila cheti cha daktari. Tulimkataza: huzoeleka upesi, na usiku ambao huenda ukahitaji kuamka na kubeba mtoto si usiku wa dawa inayokulaza hivyo.

Hofu zilizobaki zilipewa dakika 20 saa kumi na moja jioni, kwenye daftari lenye safu mbili: ninaloweza kulifanya leo, na nisiloliweza. La safu ya kwanza linafanywa. La pili linaandikwa na kufungwa hadi kesho saa ile ile.

Mtoto na mume

Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi na tarehe ya kufungua ikasogezwa, kwa hiyo mtoto alikuwa anasikia kila mazungumzo ya wakubwa. Alihitaji mambo matatu kwa maneno mafupi: kinachotokea ("watu wanahesabu kura, wanachelewa"), atakayekuwa naye ("mimi au baba, mmoja wetu yupo kila wakati"), na kitakachofanyika ("pakiwa na kelele tutakwenda kwa shangazi"). Mama alitaka kumwambia hakuna kitakachotokea. Ahadi kama hiyo usiitoe. Mtoto anaona begi. Shuka zilizolowa zilibadilishwa bila maneno.

Mume alileta mabishano ya stejini hadi mezani. Makubaliano yalikuwa siasa ziishe taarifa ya saa moja inapoisha. Aliyavunja mara mbili tatu, akayarudia.

Tarehe 15

Jumatatu ile mpango wote uliporomoka. Matangazo yalitarajiwa saa tisa mchana, yakachelewa. Kukatokea vurugu jukwaani Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilijumlishwa, makamishna wanne kati ya saba wa IEBC wakajitenga na matokeo wakiwa hotelini kwingine, ndipo mwenyekiti akatangaza jioni. Mwanamke wetu alikuwa peke yake mbele ya televisheni tangu saa nane, hajala. Ukumbi ulipochafuka alianza kutetemeka, akakata gundi ya begi. Alilala saa tisa usiku.

Hatuoni kuwa alishindwa. Mpango ndio ulikuwa na tundu: ulipanga siku za kawaida za kusubiri ukaisahau siku ya kutangazwa, ambayo haiwezi kubanwa katika dakika 15. Siku hiyo inahitaji ukurasa wake. Kula kabla. Tazama na watu watatu au wanne mnaoheshimiana, usitazame peke yako. Mkiisha kusikia jina, zima ndani ya nusu saa, na usisome maoni ya watu mtandaoni. Tembea nje kama mtaa umetulia. Kilichomsaidia kesho yake ni ile orodha ya alama tano. Aliipitia saa moja asubuhi: matatu zinapita, maduka yanafunguliwa, hakuna hata moja iliyotimia. Begi likafungwa kwa gundi mpya.

Kisha ikaja safari ya mahakama, na hapa sheria yenyewe ilikuwa msaada. Katiba inatoa siku saba za kufungua kesi baada ya kutangazwa, na siku 14 kwa Mahakama ya Juu kuamua. Kesi ilifunguliwa 22 Agosti. Uamuzi ukatoka 5 Septemba. Tarehe hizo zilizungushwa kwenye kalenda ya dukani. Kusubiri kusiko na mwisho humvunja mtu. Kusubiri kwenye kikomo kilichoandikwa kunabebeka, hata kama matokeo yenyewe yatauma.

Kilichobaki

Mwishoni mwa Agosti alama zake zilikuwa 12, katikati ya Septemba 7. Usingizi ulifika saa sita kwa kila usiku. Mtoto aliacha kukojoa kitandani shule zilipofunguliwa. Lakini ndoto za nyumba inayowaka zilibaki, na bado alizunguka mbali ili asipite karibu na uwanja wa maonyesho. Dalili za namna hiyo zikidumu zaidi ya mwezi baada ya hatari kupita, si wasiwasi wa uchaguzi tena, ni kiwewe cha zamani, nacho kina tiba yake kwa mtaalamu aliyefunzwa. Hakuna mtu, awe jirani au mchungaji, anayepaswa kumsukuma asimulie yote kwa mkupuo mmoja. Kulazimishwa kusimulia kunaweza kumzidishia. Alipelekwa kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya kaunti.

Yapo ambayo hayangojei kliniki: mawazo ya kujiua, kusikia sauti wasizozisikia wengine, kukesha siku tatu mfululizo bila usingizi wowote, kutokula wala kunywa. Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bure kwa namba 1199. 1195 ni ya ukatili wa kijinsia, ambao katika nyumba nyingi huongezeka pesa na siasa zikibana. 116 ni ya watoto.

Uchaguzi mkuu unaofuata ni 10 Agosti 2027. Begi, alama tano na kabambe vinaweza kupangwa wiki sita kabla. Tiba ya kiwewe haiwezi. Wiki zake za mwanzo wakati mwingine humwacha mtu akiwa mbichi zaidi kuliko alivyokuja, ndoto zikiongezeka kabla ya kupungua, kwa hiyo aliyepitia 2008 aianze mwaka mmoja au zaidi kabla ya kura. Atakayejitokeza mara ya kwanza Julai 2027 atasaidiwa kulala na kupanga, na ya 2008 yatafunguliwa baada ya mahakama kumaliza kazi yake.